Mkono-Mpishi wa Kibanda cha Rungwe

Mkono-mpishi ulizamisha mwiko chunguni, ukakoroga ndizi na maharage taratibu, kisha ukainua tone la mchuzi na kuligusisha kwenye kionjo chake, kitufe cha fedha kilichoweza kutambua chumvi, moshi na utamu kwa pamoja. Ulikuwa mkono mmoja tu, mweusi, umening'inia kutoka darini, hauna mwili wala uso, na wateja wa Kibanda cha Rungwe walipenda kuutazama. Nje, jua la Dodoma lilikuwa likiunguza lami. Ndani, kuta-mandhari zilionyesha migomba iliyolowa, matundu ya sakafuni yalipuliza ukungu wa baridi, na juu ya bati mvua ya kutengenezwa ilinyesha bila kumlowesha mtu.

Mhandisi Lusekelo ndiye aliyeubuni mkono ule. Jumapili hiyo mchana alimleta mama yake, Atuganile, aliyekuwa amefika asubuhi kwa treni ya sumaku kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Mkono ulikuwa umejifunza kupika kutoka kwa mama huyo. Miaka michache nyuma, mwanawe alimvisha mkononi soksi-hisia, kitambaa chembamba chenye nyuzi za umeme kilichomfunika kuanzia vidoleni hadi begani, naye akapika nacho masika nzima huku mashine ikinasa kila mjongeo. Sasa mikono ya namna hiyo ilipika katika kila mji mkubwa wa nchi, na hata kwenye kituo cha angani, ambako mafundi waliziulizia ndizi za Rungwe kila wiki.

Hata hivyo Lusekelo alikuwa na wasiwasi. Sifa alizipata nyingi, lakini mama yake hakuwahi kuonja. Alikuwa mtu wa kusema wazi. Kama si chakula chake, angesema, na hakuna kipimo ambacho kingemtetea mwanawe.

Roboti mhudumu aliyefungwa kitenge aliwainamia akawasalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile." Atuganile aliitikia, kisha akacheka, akamwuliza mwanawe kama na hicho chuma kina ukoo.

Sahani zilikuja nzito, zinafuka mvuke: ndizi na maharage, viazi, kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, na maziwa ya mgando pembeni. Atuganile alitafuna muda mrefu.

"Hizi ni ndizi zangu," akasema, akajiongezea maharage.

Lusekelo alicheka peke yake. Kwa raha hiyo akamgeuzia mama yake kiti ili auone mkono vizuri, akamwambia asubiri, kuna jambo. Baada ya muda mkono ulisimama. Uliegemeza mwiko kwenye mdomo wa chungu, ukalegea kidogo kwenda chini, ukatulia, halafu ukaendelea. Lusekelo alieleza kwamba wataalamu walilijadili sana pumziko hilo. Walikubaliana kwamba linaupa mchuzi nafasi ya kuwa mzito, wakaliita Tuo la Rungwe, na hakuna mkono uliotoka kiwandani bila kuwa nalo.

Atuganile alitazama mkono uliposimama tena.

"Hapo bega lilikuwa linaniuma," akasema. "Nilikuwa nangoja litulie."

Masika yote ile Lusekelo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mama yake, macho kwenye kioo cha mashine. Aliliona bega lile likishuka. Alilipima, akalipa jina. Hakumwuliza.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa umefurahi sana na kazi yako. Sikutaka uisimamishe."

Alisema bila kinyongo, huku akipuliza kiazi. Lusekelo akaapa kwamba leo hii ataagiza tuo liondolewe kwenye mikono yote. Mama yake alikataa. Chakula kimetoka vizuri, alisema, na chuma hakiumwi.

"Na wewe?"

Atuganile aliweka kijiko chini. "Siku za baridi ndiyo zaidi. Kichwani mkono haufiki. Jirani ndiye anayenichana nywele."

Lusekelo akaomba nafasi kwa daktari wa mifupa palepale mezani, akaipata ya kesho. Mama yake alikubali kwenda, lakini akamtaka kwanza amalize chakula, maana kilikuwa kinapoa. Wakala mpaka sahani zikabaki nyeupe.

Jioni, nyumbani, Lusekelo alimkalisha mama yake barazani, akamfungua kitambaa cha kichwani na kuchukua kichana. Hakujua aanzie wapi. Vidole vyake, vilivyozoea kuunga nyuzi nyembamba kuliko unywele, vilikwama kwenye fundo la kwanza.

"Anzia nchani," Atuganile alimwambia. "Shika huku juu, usinivute."

Akashika juu, akaanzia nchani. Fundo lilipoachia alisimama, akamwuliza kama ameumia. Mama yake alisema hapana, aendelee. Baadaye kichwa kikaanza kumlemea kifuani mwanawe, pumzi zikawa ndefu, na Lusekelo akaendelea kuchana polepole ili asimwamshe.