Mama Aliyefutwa kwenye Fomu

Jioni ile, ndugu zangu, nyumba ya Gregori ilikuwa imetulia. Mkewe Grasiana alikuwa uani anapukuchua mahindi. Mama mzazi wa Grasiana, Bibi Shida, alimpakata mjukuu akimsemesha Kiha, lugha ya kwao Kigoma walikotoka kuja kukata mkonge. Gregori, aliyekatwa vidole vitatu na mashine ya mkonge huko Korogwe, akaingia na habari.

"Wanataka mhudumu wa zahanati. Tangazo liko mlangoni pa ofisi ya kijiji."

Grasiana alikwenda kulisoma mwenyewe, maana kusoma alijifunza darasa la jioni. Alitakiwa mtu wa kumfasiria mganga maneno ya wazee wa Kizigua wasiojua Kiswahili. Na chini: awe amezaliwa na mama Mzigua.

Alimwamkia katibu wa kijiji, Mzee Mdoe, akaeleza haja yake kwa Kizigua kilichonyooka. Alikulia hapahapa, karibu na Kabuku.

"Unakisema kunishinda mimi," katibu akacheka. "Lakini mama yako alishushwa na lori la vibarua wa mkonge, binti."

"Kazi ni kusema au ni kuzaliwa, mzee?"

"Kamati ndivyo ilivyoandika."

Jirani yao Mzigua, Bibi Chausiku, ndiye aliyempa njia. "Andika kwenye fomu mimi ndiye mamako. Ugali wangu umekula mara ngapi? Nani atauliza?"

Gregori alikuwa na mwezi wa nane hana kazi. Grasiana akaandika.

Kwenye mkutano wa kijiji katibu akasoma: "Amepata Grasiana, binti Chausiku." Watu wakaangua kicheko.

"Hongera Chausiku, umejifungua uzeeni!" mmoja akapaza sauti.

Bibi Shida alikuwa amekaa palepale, mtoto mgongoni. Akakaza kanga ya mtoto, akaenda zake.

Tangu siku ile hakumsemesha tena mjukuu. Sabuni ikapatikana, mafuta ya taa yakapatikana, lakini Kiha kikazimika mle ndani. Bibi alimbeba mjukuu kimya. Mgonjwa akija kumwita Grasiana, bibi alijificha chumbani.

"Mama, sema basi."

"Nisije nikakuharibia kazi, binti Chausiku," akajibu kwa Kiswahili.

Hebu fikiria, msomaji, kuitwa hivyo na aliyekuzaa.

Grasiana alivumilia miezi mitatu. Siku moja akarudi kwa katibu.

"Leta fomu, mzee. Nirekebishe jina la mama."

"Ukirekebisha, sina la kukusaidia. Wagonjwa wanakupenda. Ya nini kujitafutia balaa?"

"Mama yangu ni Shida. Andika."

Kazi ikaisha siku hiyohiyo. Alimwandikia afisa kazi kulalamikia lile sharti; majibu bado anayangoja. Kule zahanati, mzee akiumwa anamwonyesha mganga kwa vidole panapomuuma.

Nyumbani alimkuta mama yake anachambua mchicha. Akamweleza yote. Bibi Shida akamuuliza, kwa Kiha, kama amekula.

FUNZO

Sisi tunaoandika matangazo ya kazi, tudai kile ambacho kazi yenyewe inakihitaji. Kama ni lugha, msikilize mtu akisema. Usimuulize ametoka tumboni mwa nani. Nawe uliyebanwa, lalamika mapema, kabla hujamkana mtu wako. Na tuliocheka mkutanoni tusijitoe. Tunasema sote ni ndugu katika nchi hii; basi undugu huo tuuandike hata kwenye karatasi ya mlangoni pa ofisi.