Mstari Mwekundu kwenye Mkangazi

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Huyu anataka misumari, yule anataka bomba, mwingine kaja na kitasa kilichovunjika na anataka kila mtu asikie kilivyovunjika. Katikati ya msukumano huo alisimama fundi cherehani mmoja mwembamba, kavaa gauni la bluu lenye mifuko mikubwa aliyoishona mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alitoka dukani kwake mbiombio akasahau kuivua. Mtaa mzima ulimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa ajili ya kazi yake, lakini waliowahi kukwaruzana naye walijua ni kwa ajili ya ulimi.

"Makopo manne ya kijani," alimwambia mwenye duka. "Ni ya mabenchi ya bustani, kwa hiyo usinipe yale yaliyoganda. Yatakaliwa na mama yako pia."

Mtu akacheka nyuma yake. Sindano akageuka, akakutana na mwanamume mrefu, shati la kahawia limepauka mabegani kwa jua, viatu vina matope, na mkononi kashika kopo la rangi nyekundu.

"Kuna la kuchekesha, kaka?"

"Hakuna, dada. Najiuliza tu utayabebaje makopo manne pamoja na huo ulimi."

Duka zima likacheka.  Sindano alimsukumia makopo mawili. "Haya, beba. Ulimi nitajibebea."

Wakavuka barabara hadi bustanini. Bustani yenyewe ilikuwa na miaka zaidi ya mia: geti la chuma, jukwaa la bendi lenye paa la bati lililotoboka, mikuyu na mijakaranda iliyopandwa na watu ambao hakuna aliyekumbuka sura zao. Kando ya uzio ulisimama mkangazi mmoja mkubwa, wa watu wanne kushikana mikono ndipo wauzunguke. Kwa miaka tisa watu wa mtaa, chini ya uenyekiti wa shangazi yake Sindano, walikuwa na kibali cha manispaa cha kuitunza. Walifagia, walimwagilia, walipaka mabenchi.

Yule bwana aliweka makopo chini, akaugonga ule mkangazi kwa kiganja, akatega sikio.

"Unabisha hodi?" Sindano aliuliza.

"Nasikiliza kama una uwazi ndani. Hauna, mzima kabisa. Mimi ni ofisa wa miti wa manispaa, nimehamishiwa hapa juzi."

"Kumbe. Basi karibu, Bwana Miti."

Na jina likamganda hapo hapo.

Kilichofuata mnakijua. Zilianza simu za saa saba mchana, zikaongezeka za jioni, mwishowe hata cherehani ikawa inasimama katikati ya pindo.

"Umekula?"

"Nimekula. Unanihoji kama polisi."

"Nakuhoji kama mtu anayekupenda."

Sindano akashika waya wa pasi kana kwamba ungemsaidia. "Hayo maneno unayasema hivyo hivyo tu, kama unaagiza mbolea?"

"Ningeyasemaje, laazizi? Niyaimbe?"

"Hapana, usiimbe. Nimekusikia unavyoimba." Akacheka, halafu akasema taratibu, "Na mimi nakupenda. Sasa kata simu, nina mteja."

Hakukuwa na mteja yeyote. Alikaa tu pale peke yake akitabasamu, vitambaa vimejaa mapajani. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na moyo wake ulikuwa umeshazoea kukaa macho. Sasa ulianza kujilaza.

Mwezi wa nne manispaa ikakubali ombi ambalo kamati ya shangazi ilikuwa imelisukuma kwa muda mrefu: bustani ingetengenezwa. Yangekuja mabomba mapya, mitaro, paa jipya la jukwaa, na kando ya uzio vingeondolewa vichaka vya milusina iliyojiotea yenyewe ikaisonga miti ya zamani. Bwana Miti ndiye aliyepewa kazi ya kuonyesha nini kikatwe na nini kibaki. Mkuu wake alimwonya asizungumze na mtu yeyote mpaka barua rasmi itoke, maana kazi ya bustani nyingine ilivurugika kwa maneno ya mitaani. Naye alikuwa mtu wa kutii.

"Wiki hii mbona huonekani?" Sindano alimuuliza kwenye simu.

"Kazi, kipenzi. Nivumilie kidogo."

"Kazi gani isiyo na jina?"

"Nivumilie, nimesema. Umekula?"

Ijumaa jioni Sindano alifunga duka, akapita bustanini kama kawaida yake, akasimama ghafla. Ule mkangazi ulikuwa na mstari mwekundu kuzunguka shina. Mkuyu wa pili, nao. Mjakaranda, nao. Alitembea kando ya uzio wote akihesabu, akafika thelathini na moja, na yote ilikuwa miti mikubwa.

Sasa katika mtaa ule rangi nyekundu ilikuwa na maana moja tu. Barabara ilipopanuliwa miaka mitano nyuma, watu wa manispaa walipita na makopo yao wakachora alama nyekundu kwenye kuta, na ndani ya wiki kila nyumba yenye alama ililala chini. Ya shangazi ilikuwa ya tatu. Mpaka leo kulikuwa na wazee mtaani ambao hawakuvumilia hata mlango uliopakwa rangi hiyo. Bwana Miti alikuwa mgeni, hakuyajua hayo.

Sindano alitoa simu, akaliangalia jina la Bwana Miti, akairudisha mfukoni. Alipofika nyumbani alimkuta shangazi anakunja nguo.

"Wanaikata miti ya bustani, shangazi. Yote. Na aliyepaka ni yeye."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Rangi nyekundu unaijua kuliko mimi."

Shangazi aliendelea kukunja shuka moja kwa muda mrefu. "Nina brashi za waya," alisema mwishowe. "Kinyozi anazo nyingine. Mafuta ya taa yapo."

Kulipopambazuka walikuwa watu kumi na watano bustanini, wanasugua. Saa moja na nusu asubuhi hakukuwa na mstari hata mmoja. Watu wakapongezana. Sindano alikwenda kufungua duka lake, ghorofani ng'ambo ya barabara, mikono ikinuka mafuta ya taa, akakaa mbele ya cherehani, akalia. Alilia kwa sababu alimpenda mtu yule, na alikuwa amekwisha kumhukumu.

Saa tatu akasikia msumeno wa injini.

Alidhani ukataji ameukomesha. Alishuka ngazi mbio, akavuka barabara bila kuangalia magari, na alipofika getini ardhi ilitikisika. Mkangazi ulikuwa chini. Harufu ya mti mbichi ilijaa kila mahali. Kutoka upande wa pili alimwona Bwana Miti anakuja mbio, karatasi zinamdondoka.

"Zima mashine. Zima, nasema."

Msimamizi wa wakataji alishangaa. "Mzee, maagizo ni yako. Chenye mstari mwekundu kiachwe, kingine chochote kando ya uzio kiondoke. Huu hauna mstari."

Chenye mstari mwekundu kiachwe. Sindano alisikia kila neno. Akashika nguzo ya geti.

"Nani kafuta?" msimamizi aliuliza.

Bwana Miti alimwangalia Sindano, akaiangalia mikono yake, pua yake ikavuta hewa mara moja. Alijua. Halafu akamgeukia msimamizi.

"Hakuna aliyefuta. Rangi ilikuwa mbovu, haikushika, na mimi sikuikagua. Andika kosa ni langu."

Siku ile alipaka upya miti thelathini, peke yake, wakataji wamekaa kivulini wakimsubiri. Sindano alimfuata mti hadi mti akitafuta neno. Kwenye mkuyu wa tano aliweza kusema, "Sikujua."

"Namba yangu ulikuwa nayo," alijibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Niache nimalize kazi."

Hakupokea simu Jumapili. Jumatatu alituma ujumbe wa maneno mawili: Nipe muda. Jumatano shangazi alirudi kutoka manispaa, alikokwenda kuulizia mabomba, akakaa kabla hata ya kuvua viatu.

"Kijana wako anaitwa mbele ya mkuu wa bustani kesho asubuhi. Mti wa miaka mia si mchezo. Karani anasema watamfukuza."

"Nitakwenda kusema ukweli."

"Ukisema ukweli, wanaweza kutunyang'anya kibali. Miaka tisa, mwanangu. Watasema hawa ndio walinzi wa bustani, na wao ndio waliouangusha mti."

 Sindano aliiona akilini bustani imefungwa minyororo. Halafu akamwona Bwana Miti akikusanya vitu vyake kutoka kwenye meza ya ofisi.

"Na tukinyamaza?"

"Tukinyamaza anafukuzwa mtu asiye na kosa, na sisi tunaendelea kumwagilia." Shangazi akavua kiatu kimoja. "Mimi sitakuchagulia. Ila kalale mapema, una macho mekundu."

Asubuhi Sindano alivaa gauni lake jeusi lenye kola nyeupe, lile la shughuli nzito. Chumba cha mkuu wa bustani kilikuwa na meza ndefu, feni inayolalamika, na mafaili mpaka juu ya kabati. Mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa mnyororo. Bwana Miti alikaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, shati limepigwa pasi vibaya. Kuliona tu shati lile, Sindano nusura asahau alichokuja kusema.

"Samahani, mheshimiwa. Rangi haikuwa mbovu. Niliifuta mimi."

Bwana Miti aliinuka. "Mheshimiwa, huyu dada..."

"Kaa," mkuu alisema. "Endelea, mama."

Sindano akaeleza. Alieleza habari ya barabara, alama kwenye kuta, nyumba ya shangazi iliyokuwa ya tatu. "Kwetu rangi hiyo ni ya kubomolewa. Tuliona tunaiokoa miti."

Mkuu alivua miwani. "Naambiwa mnafahamiana na huyu ofisa. Kwa nini hukumuuliza?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu Ijumaa. Feni ilizunguka. Sindano alimjibu mkuu, lakini alimtazama aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Niliogopa jibu. Nampenda, mheshimiwa. Niliona bora nimkasirikie kimya kimya kuliko nimsikie kwa masikio yangu akisema ndiyo, tunaikata. Ni ujinga. Mti umekufa kwa ujinga huo, na yeye asifukuzwe kwa ajili yake."

Mlangoni mtu akakohoa. Ni shangazi, kajifunga kilemba chake kikubwa, na nyuma yake ukumbi mdogo umejaa watu wa mtaa.

"Huyo alifuta minne tu," shangazi alisema. "Mikono yake haina nguvu. Mimi nilifuta sita."

"Mimi mitatu," alisema kinyozi.

"Ule mkangazi wenyewe nilifuta mimi," alisema mwanamke mmoja kwa sauti ndogo, na ilionekana amelala na neno hilo kifuani siku zote hizo.

Mkuu alisikiliza mpaka wa mwisho, akaandika, akafuta, akaandika tena. Ofisa alipewa barua ya onyo, kwa kusema uongo na kwa kuweka alama bila kuwajulisha wenye mtaa. Angebaki kazini. Kibali cha kamati kingebaki pia, lakini kwa sharti: wapande mikangazi miwili na kuilea miaka mitatu, na ofisi itakuja kukagua. "Na onyo la kwamba msizungumze na watu nililitoa mimi," aliongeza bila kumwangalia mtu. "Hilo nalo nimeliandika."

Walikutana kwenye ngazi za nje. Watu walipita kando yao wakijifanya hawawaoni.

"Ulidanganya kwa ajili yangu," Sindano alisema.

"Tena vibaya. Yule mama hakuniamini hata kidogo."

"Mbona hukupokea simu?"

"Ningeisikia sauti yako ningekusamehe papo hapo. Nilitaka nikasirike kwanza, ilikuwa haki yangu."

"Na umemaliza?"

"Nimemaliza jana jioni." Akakaa kwenye ngazi, naye Sindano akakaa. "Na mimi nina langu. Ningeweza kukwambia neno moja tu, nikaogopa mkuu. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Lakini mti haukuniuma kama lile lingine. Ulinihukumu bila kuniuliza. Nikawaza, huyu siku nikichelewa kurudi nyumbani, atazichoma nguo zangu kwanza, halafu ndipo aulize nilikuwa wapi."

"Nguo sichomi. Najua taabu ya kuzishona."

Bwana Miti alicheka, lile cheko la kule dukani. Sindano alitazama viatu vyake, akatazama barabara, akajikaza.

"Basi leo nauliza. Na jibu la leo naliogopa kuliko lile."

"Uliza."

"Utanioa?"

 Juu yao shangazi alisimama katikati ya ngazi akijifanya anatafuta kitu mkobani, na watu wote nyuma yake wakasimama pia.

"Ndiyo," alisema Bwana Miti. Akamshika mkono. "Lakini kesho uniulize tena, na keshokutwa. Nataka uzoee."

Sindano hakungoja kesho. Alimuuliza tena pale pale, kwa sauti ya chini, akajibiwa vilevile.