Huzuni ya Paka wa Stoo

"Uongozi wa shule unawatangazia wanafunzi wote kwamba, kuanzia leo Alhamisi, ni marufuku kumfariji paka wa stoo wakati wa vipindi. Atakayeguswa moyo asubiri mapumziko."

Mwalimu Mkuu alilisoma tangazo hilo mstarini bila kupepesa macho. Msichana mmoja wa darasa la sita, aliyebandikwa jina la Mpelelezi kwa kupenda kuchungulia, alitamani ardhi ipasuke immeze. Chanzo kilikuwa daftari lake.

Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaagiza wachunguze mnyama dakika kumi kila siku na kuandika walichokiona. Jumatatu Mpelelezi aliandika: "Paka amekaa mbele ya mlango wa stoo. Ana huzuni. Anamkumbuka mlinzi." Mlinzi huyo, babu mzaa mama wa Mpelelezi, alikuwa amestaafu na kuhamia kwa mjomba, mwendo wa siku nzima. Daftari liliposomwa darasani, watu walifuta machozi. Kesho yake paka aliletewa maziwa na madarasa matatu, akaharisha. Jumatano Mwalimu Mkuu akaamua kwamba Ijumaa dereva wa shule ampeleke paka kwa mlinzi, moja kwa moja.

"Umemponza paka wa watu," rafiki yake alimwambia baada ya mstari. "Sasa utachungulia nini? Kuku?"

Mpelelezi aliwaza: Babu ameondoka, sasa na paka? Alikwenda stooni kuchunguza upya. Masikio ya paka yalielekea mlangoni, ncha ya mkia ikitikisika. Huzuni aliitafuta, hakuiona.

"Huzuni gani, mjukuu wangu?" mpishi wa shule alisema, akichambua maharage. "Nyuma ya mlango huo pana panya."

Kichwa chake kikazidi kuvurugika. Alimfuata mwalimu wa sayansi.

"Mwalimu, niliandika nisichokiona. Niliona paka na mlango tu."

"Na huzuni uliitoa wapi?"

Alitazama viatu vyake. "Labda ilikuwa yangu, babu alipoondoka. Lakini labda na paka anayo. Nitajuaje?"

"Hata mimi sijui," mwalimu alisema. "Ndiyo maana tunaandika masikio na mkia. Unachokihisi si aibu. Kiandike, ila uweke jina lako, usimbandikie paka. Kusingizia kwa huruma ni kusingizia vilevile."

Mwalimu akampeleka ofisini, na Mpelelezi akayarudia yote mbele ya Mwalimu Mkuu.

Ijumaa asubuhi ilibandikwa barua yenye mhuri: safari ya paka imeahirishwa hadi kamati ya watu watatu itakapothibitisha, kwa maandishi, mwenye huzuni ni nani.