Matone Matatu ya Bibo

Tuktuk ilikuwa imeshaondoka Msambweni kwenda Diani, Yusra akatema mate mekundu. Mama yake, Mbodze, akamfuta kwa leso. Fizi za mtoto zilikuwa zikivuja damu mwezi mzima. Daktari alisema, "Vitamini C imempungukia. Mpe matunda. Asipopona wiki nne, mrudishe." Basi Mbodze alikuwa akifuata juisi nyingine ya pakiti, ile yenye picha ya matunda ya Ulaya.

Kabla ya kufika barabara ya lami, jirani yao Nafula, aliyestaafu kazi ya maabara, akawasimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnaenda wapi?"

"Twafuata juisi. Hii ya nyumbani imebaki kidogo tu."

"Na mabibo uliyomwaga jana?"

Mbodze akacheka. Kwao, msimu wa korosho, korosho hunyofolewa, na bibo, tunda lake lenye maji, hutupwa shimoni. "Bibo lawasha koo! Hicho ni chakula cha mbuzi."

"Mbuzi wako hawavuji fizi. Shukeni."

Nyumbani, Nafula alikoroga unga wa muhogo katika maji ya moto. Ulipopoa, akadondoshea ayodini, dawa ya vidonda. Maji yakawa meusi kama wino. Akayagawa vikombe vitatu, sawasawa, kisha akakamua chungwa na bibo.

"Vitamini C hufuta weusi huu. Juisi inayofuta kwa matone machache ndiyo yenye nyingi."

Ya pakiti: matone ishirini, weusi upo palepale. Chungwa: tone la tisa, maji yakatakata. Bibo: moja, mawili, la tatu... weusi ukatoweka.

"Subhanallah!" Mbodze akashika mdomo. "Rudia."

Nafula akarudia. Matatu tena. Mbodze akainama, akakitazama kikombe kama mtu aliyeona mwezi mchana.

"Na shimo zima nimelijaza!"

"Kutu hula bati. Mwilini nako kuna uharibifu kama huo, na vitamini C ni mlinzi mmojawapo. Kipimo hiki hakionyeshi walinzi wote. Zambarau ina wengine, wamo katika rangi yake. Bibo lioshe, likate, liloweke maji ya chumvi, lisuuze. Kuwasha kutapungua. Na vikombe hivi visinywewe!"

Yusra akala mabibo kila siku; fizi zake ziliacha kuvuja wiki ya tatu. Chirau, baba yake, ni askari wa hoteli Diani. Hubeba mabibo kazini, wenzake humcheka, kisha huomba. Nafula alirudi kwao Bungoma. Shimo limefukiwa, juu yake pana mchicha.