Nilimaliza Likizo Nikificha Uvimbe, Mama Akafa Akiniulizia

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Tanga. Nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja kwenye kisiwa cha The Pearl, hapa Doha. Haya nayaandika nikilia, wasomaji wenzangu...

Mume wangu, nimwite Idrisa, ndiye aliyenitangulia Qatar. Ni dereva. Aliponiita nimfuate nilimshukuru Mungu, nikamwacha binti yetu Rehema kwa mama yangu. Nani asiyefurahi kuishi na mumewe? Kumbe niliyemfuata siye yule aliyenioa!

Alianza na matusi. Kisha kofi. Kisha mkanda... Sababu? Chakula kimepoa. Basi la wafanyakazi limechelewa. Nimecheka na mtu kwenye simu. Akishanipiga hulia yeye, akinisihi nisimseme. "Ukinipeleka polisi watanirudisha nyumbani. Rehema atakula nini?" Nami nikanyamaza.

Uso ukivimba, niliomba siku za likizo yangu ya mwaka. Leo siku hizi, mwezi ujao zile... Msimamizi wangu, dada Akinyi wa Kisumu, alidhani napumzika. Kumbe nimejifungia ndani nakanda jicho kwa barafu!

Ndipo kaka yangu akapiga simu. Mama kalazwa, figo zimeshindwa, ananitaja mchana kutwa. Nikakimbilia ofisini kuomba ruhusa. Akinyi akatazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mwanaisha, likizo yako imeisha yote. Na hujawahi kusafiri. Ulikuwa unaenda wapi?"

Nikalegeza hijabu, akaiona shingo yangu.

"Woi! Nani amekufanyia hivi?"

Nikamwambia. Akashika mdomo. Kisha akanieleza kwamba hoteli yetu inatoa likizo kwa mtu anayepigwa nyumbani. Inalipwa kama kawaida, haigusi likizo ya mwaka, na sababu haitangazwi kwa mtu. "Si walitueleza kwenye mkutano? Kwani hukuwa?"

Sikuwepo! Siku ile nilikuwa kitandani, mbavu zinaniuma hata kupumua siwezi...

Akanipeleka kwa meneja, mzungu mmoja, nami nikidhani nitafukuzwa kazi. Lakini yule mzungu alinisikiliza, akaamuru siku zangu zirudishwe, tena akaniongezea nyingine nitafute pa kukaa na kwenda kushtaki. Nikalia kama mtoto.

Tulikwenda na Akinyi kuchukua nguo zangu. Pasipoti sikuikuta! Nilipompigia Idrisa simu, alinijibu, "Mama yako ana watoto wengine, waende wao." Baba wa mtoto wangu! Mkwe wa mama huyo huyo aliyemlelea binti!

Nikaenda kushtaki, polisi wakamwita, akaitoa. Lakini siku zilikuwa zimekwenda. Nikiwa natafuta tiketi, kaka akapiga tena. Alikuwa analia tu... Nikajua.

Nilifika Tanga mama ameshazikwa. Rehema alinifungulia mlango, hakunikumbatia. Akaniambia, "Bibi kabla hajapelekwa hospitali, akisikia gari anasema, mfungulieni mama Rehema."

Jamani! Maneno hayo nitayapeleka wapi?

Leo nimerudi Doha, Rehema nimemwacha kwa kaka yangu, nami nakaa chumba kimoja na Akinyi. Talaka nimeipata. Idrisa hutuma salamu kwa watu, eti nimsamehe. Mimi sijui... Labda Mungu atamsamehe. Kazini nacheka, wenzangu wanadhani nimepona.

Dada zangu, na ninyi kaka mnaopigwa mkaona haya kusema, nawasihi! Ulizeni kazini kwenu kama likizo ya namna hii ipo. Kama haipo, mwambieni hata mtu mmoja mnayemwamini. Aibu si ya anayepigwa. Mimi nilizila siku zangu zote nikingoja uso upoe, nikidhani nailinda ndoa.

Uvimbe ulishuka wote. Mama sikumuona.