Bwana Kimya na Kiti Chake

Cresensia alikuwa akijaza maziwa kwenye chupa ndogo za utafiti, mnada wa Karatu ukivuma nyuma yake, aliposikia kicheko.

"Dada, hayo maziwa yangu ni dawa ya kikohozi?"

Muuzaji alikuwa kijana mrefu, shuka jekundu begani, raba nyeupe zisizo na chembe ya vumbi. Jina lake Sankale, mtu wa Malambo.

"Ni ya maabara, kaka."

"Basi yaheshimu. Ng'ombe huyo alifiwa na ndama. Tulimwekea ngozi ya ndama wake, akainusa, ndipo akatoa maziwa."

"Mkamdanganya mfiwa!"

"Kidogo tu, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Ndiyo nauliza."

Simu zikaanza. Kila jioni Sankale alipanda kilimani kutafuta mtandao. "Mama Chupa, umekula?" "Nimekula, morani wa raba."

Jioni moja Cresensia alimaliza kuongea kwa simu na Martha, mwenzake wa chuoni, akafungua mlango. Kizingitini palikuwa na kibuyu cha maziwa, bado kina joto. Mwenyewe hayupo. Akapiga simu, haikupokelewa. Wala kesho yake, wala wiki nzima.

Siku ya mnada alivaa gauni lake la kitenge cha njano, akapenya katikati ya ng'ombe mpaka akamfikia.

"Leo utaniambia kosa langu."

"Nilikuja kukusalimia, nikakusikia. 'Bwana Kimya tumemtoa, kiti chake kakalia mbadala.' Mbadala ni mimi, sivyo? Huyo Bwana Kimya ni nani?"

Cresensia alitaka kucheka. Alipoyaona macho yake, akaacha.

"Ni kalsiamu."

"Kabila gani hilo?"

"Ni madini, Sankale! Yamo kwenye maziwa yako. Kuna protini yenye kiti cha kalsiamu. Mashine yetu ya sumaku husikiliza atomi, ila kalsiamu haiitiki. Tunaitoa, tunaweka madini mengine, kadimiamu. Hiyo inakaa palepale, mashine inaisikia, nasi tunajua kiti kikoje."

"Ngozi ya ndama," Sankale akasema polepole.

"Ngozi ya ndama. Nawe umenifanyia ubwana kimya wiki nzima. Nimejaribu kazi, nimejaribu usingizi. Kiti chako hakuna kilichokienea."

Sankale alitazama raba zake. Leo zilikuwa na matope. "Kesho nitamleta yeyo, mama yangu, tuende kwenu Daa. Mama akamwone mama."

"Asubuhi. Nisije nikakufuata tena kwenye samadi."

Akachukua chupa, Sankale akashika kibuyu. Walijaza tatu, jua likazama nyuma ya vilima vya Ngorongoro.

"Na hizi zilizobaki?"

"Kesho," alisema Cresensia, akifunika boksi la barafu. "Tukitoka Daa."