Daftari la Matangi Sita

Kila alasiri, akitoka shule, Profesa hakwenda nyumbani moja kwa moja. "Profesa" lilikuwa jina alilobandikwa na wenzake kwa maswali yake yasiyokwisha. Alipitia kwanza kituo cha utafiti wa bahari alikofanya kazi mama yake. Hapo alitumbukiza kipimajoto katika matangi sita, moja baada ya jingine, na kuandika joto la maji kwenye daftari kubwa jeusi. Ndani ya matangi walikuwamo majongoo bahari wachanga, viumbe laini wa sakafu ya bahari, wadogo kama kidole cha mtoto.

"Wenzenu wanafuga kuku, nyinyi mnafuga majongoo!" jirani aliwatania. Mama alicheka tu. Alikuwa amesomea viumbe wa bahari miaka mingi, lakini kazi yake ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na nusu ya siku iliishia kusugua matangi. Majongoo wakikua, mkataba ungeongezwa. Wasipokua, basi tena, hana kazi.

Ijumaa moja mama alisafiri kikazi. "Kesho na keshokutwa pima mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana na jioni," alisema. "Nakutegemea, mwanangu."

Jumamosi asubuhi Profesa alipima. Mchana kulikuwa na mashindano ya netiboli, akanogewa, akasahau mpaka usiku. Jumapili asubuhi na mchana vilevile hakwenda. Alipofika kituoni Jumapili jioni, lo! Pampu ya kuleta maji safi ilikuwa imezima, na maji ya matangi yalikuwa ya moto. Alibonyeza kitufe, pampu ikanguruma. Kisha alifungua daftari akajaza nafasi zote tupu: nyuzi ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na nane.

Jumanne mama alikuwa amerudi, na alasiri Profesa alimkuta kituoni amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu. Katika matangi manne majongoo wote walikuwa wamekufa.

"Ni ugonjwa," mama alisema. "Joto halikubadilika, daftari linaonyesha. Mkuu wa kituo anakuja na dawa ya kuulia. Lazima tuwaue na hawa wa matangi mawili, wasije wakaambukiza bahari. Kazi imekwisha, mwanangu. Maji yamenifika shingoni, sijui nianzie wapi."

Profesa aliwatazama majongoo waliobaki. Akisema, mama angemwonaje? Akinyamaza, wale waliobaki wangekufa bure, na mama angefukuzwa kwa kosa lisilo lake. Mlango ulifunguliwa, mkuu akaingia na dumu la dawa mkononi.

"Mama, namba ni za uongo!" alipiga kelele. "Sikupima! Pampu ilizima, nikaiwasha, nikanyamaza!"

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Heri angemfokea. Alimtazama mtoto wake kama mtu asiyemjua, kisha akainuka ghafla na kuyaangalia yale matangi mawili. Yote mawili yalikuwa kwenye kivuli cha ukuta. Yale manne yalipigwa na jua kutwa.

"Si ugonjwa," alimwambia mkuu. "Ni joto. Tafadhali weka dumu chini."

Mkuu aliliweka. "Waliobaki waendelee. Lakini nitaandika kila kilichotokea, na kuhusu mkataba siahidi kitu."

Mama alimpa Profesa daftari na kalamu. Profesa alitaka kufuta zile namba. "Usifute," mama alisema. "Katika kazi hii hatufuti. Piga mstari mmoja, uongo uonekane, kisha andika ukweli pembeni." Profesa aliandika "Sikupima" mara nne. Mara ya tano aliandika: "Maji yalikuwa ya moto. Nilificha." Machozi yalidondoka juu ya karatasi.

Wiki mbili walikula bila hamu na kulala roho juu. Kisha barua ikaja: mkataba wa miezi sita, kwa matangi mawili. Mama aliisoma mara mbili, akaketi tena juu ya ile ndoo, akalia.

"Kazi hii haina uhakika wa kesho," alimwambia Profesa. "Lakini mtu wa mbali, asiyenijua, husoma namba zangu akaziamini. Nafasi tupu ningeielewa, mwanangu. Namba yako ya uongo nusura iwaue waliokuwa hai."

Alimkabidhi kipimajoto. Siku hiyo Profesa alipima kila tangi mara mbili kabla ya kuandika.